Herufi Moja Katika Vinasaba: Namna Tofauti Ndogo za Urithi Zinavyosaidia Kuutambua Ugonjwa wa Selimundu Kagera na Kanda ya Ziwa

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa kama watoto wengine. Hunyonya vizuri, huongezeka uzito, na mama yake hurudi nyumbani bila wasiwasi wowote. Dalili za kwanza mara nyingi hujitokeza mtoto anapokaribia umri wa miezi 6: vidole vya mikono na miguu huvimba na kuuma, macho huwa ya manjano, damu hupungua, na homa humrudia mara kwa mara. Familia isiyokuwa na taarifa huweza kudhani ni malaria isiyosikia dawa, au kwamba mtoto amerogwa, au kwamba upande wa mama umeleta mkosi katika ukoo. Wakati ubishi huo ukiendelea, muda wa kuokoa maisha ya mtoto hupita.

Hata hivyo, chanzo cha yote hayo kinajulikana kisayansi kwa uhakika. Ni tofauti ya herufi moja tu katika maandishi ya urithi ambayo kila mwanadamu hupokea kutoka kwa wazazi wake wawili. Makala hii inaeleza namna wanasayansi walivyoigundua tofauti hiyo, namna tofauti nyingine ndogo zinavyotumika kama alama za kufuatilia magonjwa ya kurithi, matokeo ya tafiti zilizofanyika nchini Tanzania na katika nchi jirani, na hatua ambazo mwananchi wa Bukoba, Muleba na wilaya nyingine za Mkoa wa Kagera anaweza kuzichukua.

Maandishi ya urithi na herufi zake

Ndani ya karibu kila seli ya mwili kuna vinasaba, yaani uzi mrefu na mwembamba unaobeba maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Maelekezo hayo huandikwa kwa kemikali nne ambazo wanasayansi huziwakilisha kwa herufi A, C, G na T. Nakala moja kamili ya maandishi hayo ina herufi takriban bilioni 3, na kila mtu ana nakala mbili: moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Sehemu ya uzi huo inayobeba agizo moja mahususi, kwa mfano agizo la kutengeneza protini fulani, huitwa jeni.

Ukilinganisha vinasaba vya watu wawili wasio na undugu wa karibu, utakuta vinafanana kwa kiasi kikubwa sana. Kwa wastani hutofautiana katika herufi moja hivi kwa kila herufi 1,000. Nyingi kati ya tofauti hizo hazina madhara yoyote. Baadhi huchangia mambo ya kawaida kama urefu au rangi ya ngozi. Chache huangukia mahali nyeti na kubadilisha maana ya agizo zima.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa mfano mzuri. Anayeandika kwamba mwalimu ameagiza kalamu, na anayeandika kwamba mwalimu ameagiza karamu, wametofautiana kwa herufi moja tu, lakini atakayetekeleza agizo la pili ataleta vyakula badala ya vifaa vya kuandikia. Vivyo hivyo, seli hutekeleza agizo kama lilivyoandikwa. Haina uwezo wa kukisia kwamba herufi imekosewa.

Katika selimundu, herufi inayohusika ipo kwenye jeni ya beta-globini, katika kromosomu ya 11. Jeni hiyo hutoa agizo la kutengeneza sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Mahali ambapo kwa kawaida pameandikwa GAG, kwa mtu mwenye jeni ya selimundu pameandikwa GTG. Kutokana na badiliko hilo la A kuwa T, asidi amino iitwayo glutamati huachwa na nyingine iitwayo valini hushika nafasi yake. Himoglobini inayotokana na agizo hilo, inapopungukiwa oksijeni, hushikamana na kuunda nyuzi ngumu zinazoifanya seli nyekundu ijikunje na kuwa na umbo la mundu. Seli za namna hiyo huziba mishipa midogo ya damu, huleta maumivu makali, huharibu wengu na viungo vingine, na hufa mapema kuliko kawaida, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu.

Kutoka hadubini hadi herufi

Ugunduzi huo haukupatikana kwa siku moja. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago, nchini Marekani, alichapisha maelezo ya mgonjwa ambaye seli zake nyekundu zilionekana kwenye hadubini zikiwa na umbo la mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hao inatofautiana kikemikali na ya watu wengine, na kwa mara ya kwanza ugonjwa ukaelezwa kuwa ni ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye, kati ya 1956 na 1957, Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge nchini Uingereza, alibaini kwamba tofauti hiyo yote ni ya asidi amino moja tu.

Afrika Mashariki ina nafasi ya pekee katika historia hii. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu nchini humo mwaka 1949 na kuona jambo lililomshangaza: watu wenye nakala moja ya jeni ya selimundu walikuwa wengi katika pwani ya Bahari ya Hindi na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini walikuwa wachache sana katika nyanda za juu zenye baridi na ukame. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba kubeba nakala moja ya jeni hiyo humkinga mtu dhidi ya malaria.

Allison alifanya pia utafiti wilayani Musoma, ng'ambo ya ziwa kutoka Bukoba. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1956, alipima watoto wachanga 287 na watu wazima 654. Miongoni mwa watoto hao, 9 walikuwa na nakala mbili za jeni ya selimundu. Miongoni mwa watu wazima, ambao idadi yao ilikuwa zaidi ya mara mbili, walikuwa 5 tu. Kwa upande mwingine, wenye nakala moja walikuwa 89 kati ya watoto 287, na 249 kati ya watu wazima 654, yaani sehemu yao iliongezeka kadiri umri ulivyosonga mbele. Takwimu hizo zinasimulia mambo mawili kwa pamoja: wengi wa waliorithi nakala mbili hawakufikia utu uzima, na waliorithi nakala moja walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuishi mahali penye malaria nyingi.

Tafiti za karne hii zimethibitisha hoja hiyo kwa kusoma vinasaba moja kwa moja. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 11,000 wa malaria kali kutoka Afrika, Asia na Oseania, Tanzania ikiwamo, ulionesha kwamba mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu hupunguziwa hatari ya kupata malaria kali kwa zaidi ya asilimia 80.

Alama ya jirani

Kuanzia miaka ya 1970, wanasayansi walikabiliwa na swali gumu. Kupima damu ya mtu mzima kulikwishawezekana, lakini jeni yenyewe ilikuwa imefichika katikati ya mabilioni ya herufi, na hapakuwa na njia rahisi ya kuisoma. Je, inawezekana kuifuatilia jeni usiyoweza kuiona?

Jibu lilipatikana kwa njia ambayo mkazi yeyote wa kijijini anaielewa. Mgeni anayetafuta kibanja asichokijua hupewa alama ya jirani: ukiona mti mkubwa wa mwembe, kibanja unachokitafuta kipo kando yake. Mwembe si kibanja, wala haukukifanya kibanja kiwe pale. Lakini kwa kuwa viwili hivyo viko pamoja, anayeuona mmoja anakaribia kukipata kingine. Tofauti ndogo za vinasaba zisizo na madhara hufanya kazi hiyo hiyo. Zikiwa karibu na jeni yenye ugonjwa kwenye kromosomu moja, hurithiwa pamoja nayo kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kizazi hadi kizazi.

Mwaka 1978 Yuet Wai Kan na Andrée Dozy, wakiwa San Francisco nchini Marekani, walitumia kimeng'enya kinachoukata uzi wa vinasaba kila kinapokutana na mfuatano fulani wa herufi. Waligundua kwamba umbali wa herufi 5,000 hivi kutoka kwenye jeni ya beta-globini kuna tofauti ndogo inayobadilisha mahali pa kukatwa. Kwa watu wengi kipande kilichobeba jeni hiyo kilikuwa na urefu wa herufi takriban 7,600. Kwa wengi wa Wamarekani Weusi waliobeba jeni ya selimundu, kipande hicho kilikuwa cha herufi takriban 13,000. Tofauti hiyo haikusababisha ugonjwa. Ilikuwa alama ya jirani tu. Hata hivyo, kwa kuifuatilia ndani ya familia, madaktari waliweza kujua kama mimba ilibeba jeni ya selimundu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tofauti ya namna hiyo kutumika kufuatilia ugonjwa wa kurithi kwa binadamu.

Njia hiyo ilifungua mlango mpana. Mwaka 1980 wanasayansi wa Marekani walipendekeza kutengenezwa kwa ramani nzima ya alama za namna hiyo katika kromosomu zote. Mwaka 1983 alama ya jirani katika kromosomu ya 4 iliongoza kwenye mahali ilipo jeni ya ugonjwa wa Huntington, baada ya utafiti uliohusisha familia kubwa zinazoishi kandokando ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela. Mwaka 1985 ikatangazwa mbinu ya PCR, inayozalisha nakala nyingi za kipande kidogo cha vinasaba, na ugonjwa uliotumika kuionesha mbinu hiyo katika chapisho la kwanza ulikuwa selimundu. Wananchi wa Kagera wanakikumbuka kipimo cha PCR kutokana na mlipuko wa ugonjwa wa Marburg uliothibitishwa mkoani humo Machi 2023. Mbinu iliyozaliwa katika kutafuta selimundu ndiyo iliyotumika kumtambua kirusi huyo.

Kwa nini tafiti zifanyike hapa nyumbani

Alama ya jirani ina mpaka wake. Mwembe unaomwelekeza mgeni katika kijiji kimoja hauwezi kumsaidia katika kijiji kingine ambako hakuna mwembe. Kan na Dozy wenyewe walilibaini jambo hilo. Walipolinganisha sampuli kutoka sehemu mbalimbali za dunia, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1980, kipande kirefu kilichoambatana na jeni ya selimundu Afrika Magharibi hakikuambatana nayo katika sampuli za Kenya, ambako jeni hiyo ilikuwa kwenye kipande cha kawaida. Kipimo kilichotengenezwa kwa kutazama watu wa asili ya Afrika Magharibi kingewapotosha madaktari kama kingetumika Afrika Mashariki bila uchunguzi.

Kutokana na tofauti hizo za majirani, wanasayansi waliyagawa mazingira ya jeni ya selimundu katika makundi makuu yaliyopewa majina ya Benin, Senegal, Cameroon, Bantu na Uarabuni-India. Kundi la Bantu ndilo linaloonekana zaidi Afrika Mashariki na ya Kati. Kwa muda mrefu makundi hayo yalichukuliwa kuwa ushahidi kwamba badiliko lile la herufi lilitokea mara kadhaa katika sehemu tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Daniel Shriner na Charles Rotimi, uliosoma vinasaba vyote vya maelfu ya watu, ulitoa hoja kwamba lilitokea mara moja tu, barani Afrika, takriban miaka 7,300 iliyopita, kisha likasambaa na watu walivyohama. Kwa maana hiyo, jeni hii ni kongwe kuliko koo na mipaka inayotutenganisha leo, na hakuna ukoo unaoweza kunyooshewa kidole kwamba ndio ulioileta.

Tanzania imechangia maarifa mapya kupitia mpango wa selimundu ulioanzishwa mwaka 2004 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili pamoja na Hospitali ya Taifa Muhimbili, chini ya uongozi wa Profesa Julie Makani. Mpango huo umefuatilia maelfu ya wagonjwa na kuwa miongoni mwa mikubwa duniani katika kituo kimoja.

Swali mojawapo lililoshughulikiwa ni hili: kwa nini wagonjwa wawili wenye herufi ile ile iliyobadilika hutofautiana kwa ukali wa ugonjwa? Sehemu ya jibu ipo katika himoglobini ya mimba, ambayo kila mtoto huwa nayo tumboni na ambayo hupungua baada ya kuzaliwa. Himoglobini hiyo haijikunji, ndiyo maana mtoto mchanga huonekana mzima katika miezi ya mwanzo. Wapo watu ambao mwili wao huendelea kuitengeneza kwa kiwango cha juu kidogo, na hao hupata nafuu. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliopekua vinasaba vyote vya wagonjwa zaidi ya 1,200 wa Tanzania ili kutafuta tofauti ndogo zinazohusika na kiwango hicho. Jeni iitwayo BCL11A, iliyokwishajulikana katika jamii nyingine, ilijitokeza wazi kwa Watanzania pia.

Umuhimu wa jeni hiyo umeonekana katika tiba. Mwishoni mwa mwaka 2023 mamlaka za dawa za Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri vinasaba kwa ajili ya selimundu. Tiba hiyo huizima BCL11A katika seli zinazotengeneza damu ili himoglobini ya mimba irudi. Bei yake bado ni kubwa mno kwa mifumo ya afya ya Afrika, lakini inaonesha umbali ambao maarifa ya tofauti moja ndogo yanaweza kufika. Hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, tiba inayohitaji ndugu ambaye vinasaba vyake vinaoana na vya mgonjwa.

Picha ya Kanda ya Ziwa

Tanzania inakadiriwa kupata takriban watoto 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, na hivyo kuwa miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Mzigo huo haukusambaa sawasawa, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yanayoubeba zaidi.

Ushahidi mkubwa kuhusu suala hili ulitoka katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza. Watafiti walitumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kadi, ambayo yalikuwa yamechukuliwa kwa watoto kutoka mikoa tisa ya kaskazini-magharibi mwa nchi kwa ajili ya uchunguzi wa mapema wa maambukizi ya VVU. Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983, unajua gharama ya kujenga mfumo huo wa upimaji wa watoto. Sasa mfumo huo huo ukatumika kujibu swali jingine. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, baada ya kupimwa kwa sampuli zipatazo 17,200, asilimia 20.3 ya watoto walikutwa na nakala moja ya jeni ya selimundu, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Uganda, inayopakana na Kagera, ilikwishafanya utafiti wa aina hiyo kwa sampuli zaidi ya 97,000. Wenye nakala moja walikuwa asilimia 13.3, na viwango vilitofautiana sana kati ya eneo na eneo.

Takwimu hizo zinaeleweka kwa hesabu rahisi. Ikiwa mtu mmoja kati ya watano anabeba nakala moja, basi uwezekano wa wenzi wawili wasiopimwa kuwa wote ni wabebaji ni mmoja kati ya 25, yaani ndoa 4 katika kila ndoa 100. Kwa wenzi hao, kila mimba ina uwezekano wa robo kumpata mtoto mwenye ugonjwa. Hesabu hiyo inatoa takriban mtoto mmoja katika kila watoto 100 wanaozaliwa, idadi inayokaribiana sana na ile iliyopatikana maabara.

Malaria inabaki kuwa sehemu ya picha hii. Wilaya ya Muleba imekuwa uwanja wa tafiti muhimu za udhibiti wa ugonjwa huo. Ushahidi uliotokana na majaribio ya vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya PBO wilayani humo ndio uliolifanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 kupendekeza vyandarua hivyo kwa maeneo ambayo mbu wamekuwa sugu. Ni lazima ieleweke kwamba kinga ya asili dhidi ya malaria ni ya mwenye nakala moja tu. Kwa mtoto mwenye nakala mbili, malaria ni hatari kubwa inayoweza kumaliza damu yake kwa muda mfupi, hivyo chandarua kwake ni sehemu ya matibabu.

Namna jeni inavyorithiwa

Kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili za jeni ya beta-globini, yapo makundi matatu. Wenye nakala mbili za kawaida huandikwa AA. Wenye nakala moja ya kawaida na moja ya selimundu huandikwa AS. Hawa ni wabebaji, kwa kawaida hawaugui, na wengi hawajui hali yao mpaka wapimwe. Wenye nakala mbili za selimundu huandikwa SS, na hao ndio wagonjwa.

Wenzi wakiwa AS na AA, hawawezi kupata mtoto mwenye SS, ingawa katika kila mimba kuna uwezekano wa nusu kwamba mtoto atakuwa mbebaji. Wenzi wakiwa wote AS, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa AA, nusu kuwa AS na robo kuwa SS. Mmoja akiwa SS na mwingine AS, uwezekano wa mtoto kuwa SS ni nusu. Uwezekano huo huanza upya katika kila mimba. Wazazi waliopata mtoto mmoja mgonjwa hawajamaliza fungu lao, na waliopata watoto watatu wazima hawajapewa hakikisho kuhusu wa nne.

Jambo la msingi linaloonekana katika hesabu hizo ni kwamba mtoto mwenye SS amepokea nakala moja kutoka kwa kila mzazi. Kumlaumu mama, kumfukuza, au kumwoa mke mwingine kwa madai kwamba wa kwanza ana damu mbaya, ni kukana ukweli uliopo katika damu ya baba vilevile.

Upimaji na matunzo

Makadirio ya kitaalamu yanaonesha kwamba barani Afrika, nusu au zaidi ya watoto wenye selimundu wasiogunduliwa na kuhudumiwa mapema hufariki kabla ya kutimiza miaka 5. Wengi wa watoto hao wangeweza kuishi. Mtoto akigunduliwa mapema huanzishiwa dawa ya penisilini ya kumkinga na maambukizi, hukamilisha chanjo ikiwamo ile ya nimonia, hupewa asidi ya foliki na kinga dhidi ya malaria, na mzazi hufundishwa dalili za hatari. Ipo pia dawa ya haidroksiyurea, ambayo huongeza himoglobini ya mimba. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa watoto zaidi ya 600, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, ulionesha kwamba watoto waliotumia dawa hiyo chini ya uangalizi walipungukiwa maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo.

Mwananchi anayetaka kupima anapaswa kujua kwamba vipimo havifanani. Kipimo cha zamani cha kuona kama seli zinajikunja hakitofautishi AS na SS, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 kinaweza kutoa jibu lisilo sahihi. Kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kiwe cha mashine ya maabara au kile cha haraka cha tone la damu, ndicho kinachoonesha kama mtu ni AA, AS au SS. Ni haki ya mpimaji kuuliza ni kipimo kipi kimetumika, na kupewa majibu yaliyoandikwa.

Usiri wa taarifa za urithi umewekewa ulinzi wa kisheria. Matumizi ya vinasaba vya binadamu nchini yanasimamiwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 kupitia Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na taarifa binafsi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayeombwa kushiriki utafiti ana haki ya kuelezwa lengo lake, kuridhia au kukataa, bila kunyimwa huduma.

Aidha, tahadhari inahitajika dhidi ya wanaouza matumaini. Magonjwa kama kisukari na shinikizo la damu huchangiwa na tofauti nyingi ndogo za vinasaba, kila moja ikiwa na nguvu kidogo, pamoja na chakula, mazoezi na mazingira. Hakuna kipimo kimoja cha vinasaba kinachoweza kutabiri kwa uhakika nani atayapata. Selimundu ni tofauti: herufi ni moja, mahali pake panajulikana, na jibu la kipimo sahihi ni bayana.

Hatua za kuchukua

Vijana wanaotarajia kufunga ndoa wanashauriwa kupima aina ya himoglobini na kupata ushauri wa kitaalamu kabla ya uamuzi. Lengo ni wenzi kuamua wakiwa na taarifa, kwa hiari yao. Si kuwazuia kuoana.

Wazazi ambao mmoja wao anajua kuwa ni mbebaji, au waliowahi kupata mtoto mwenye selimundu, wanashauriwa kumweleza mhudumu wa afya tangu kliniki ya ujauzito ili mtoto apimwe mapema baada ya kuzaliwa.

Mtoto mwenye homa, maumivu makali, kifua kinachobana, kupauka kwa ghafla, tumbo lililovimba upande wa kushoto, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, afikishwe kituo cha huduma mara moja, na mhudumu aelezwe kwamba ana selimundu.

Wananchi wa Bukoba wanaweza kuanzia katika kituo cha afya kilicho karibu, kinachoweza kuwapa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kagera. Wa Muleba wanaweza kuulizia ushauri katika hospitali zilizopo wilayani humo, zikiwamo Rubya, Ndolage na Kagondo. Wanaohitaji uchunguzi wa kina zaidi hupewa rufaa kwenda Bugando.

Siku ya Selimundu Duniani huadhimishwa Juni 19 kila mwaka. Viongozi wa vijiji, wa dini na walimu wanaombwa kuitumia siku hiyo, pamoja na mikutano yao ya kawaida, kuwahimiza wananchi wapime na kuwaeleza kwamba selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili.